Meza ya Mzungu Katika Stoo ya Ngozi

Mwaka juzi nilirudi Isiolo kwa harusi ya mtoto wa mjomba wangu, na kitu cha kwanza kilichonisimamisha njiani kilikuwa makochi. Yalikuwa yamepangwa kando ya lami, makubwa kupita kiasi, mekundu na ya rangi ya maziwa, yote yamefungwa nailoni ili vumbi lisiyaguse. Vijana waliokuwa wakiyauza walikuwa wamekaa chini, juu ya kadibodi. Nikamuuliza mmoja wao, kwa utani tu, ni wapi hapa mjini naweza kupata fanicha kuukuu.

"Kuukuu?" Akaniangalia vizuri. "Mama, hiyo ya zamani watu wanapasua kuni. Hapa ni vitu mpya."

Nikacheka naye, nikaenda zangu harusini. Lakini unajua jinsi neno dogo linavyoweza kukushika nguo ukashindwa kuendelea. Wenzangu wanapiga vigelegele, sahani za pilau zinapita, na mimi niko mbali kabisa: niko uani kwa bibi yangu, mtaa wa Kiwanjani, miaka ya sabini inaelekea ukingoni, na nasikia lori la mjomba likipiga honi tangu kule kona ili watu wote watoke kuona alichobeba.

Ngoja nikueleze taratibu, maana nikianzia kwenye lori hutanielewa.

Nyumba ilikuwa ya akko. Ndivyo tulivyomwita bibi, kwa Kiborana, kwa sababu alikuwa Mborana wa Garbatulla. Babu alikuwa Msomali, askari wa Waingereza enzi zile, aliyemaliza uaskari akabaki Isiolo na ng'ombe wake. Alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo kwetu akko alitugombeza kwa Kiborana, majirani wakatusalimia kwa Kisomali, muuza viazi akalalamika kwa Kimeru, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Baba yangu alikuwa dereva, naye alikufa barabarani nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tukabaki mimi, mama, akko, na mjomba, kaka yake mama, ambaye alinunua ng'ombe Garbatulla na Kinna akawapeleka kwa lori kwenye mashamba ya huko juu, upande wa Timau.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja barabarani, na mimi nikitoka shule nilikuwa naisikia kabla sijaiona, hasa ile sauti ya mwisho wa pindo anapolizuia gurudumu kwa kiganja. Kukata, hata hivyo, alikata nyumbani, sakafuni, juu ya mkeka. Alipiga magoti, pini mdomoni, mkasi mkononi, na kuku wakipita juu ya kitambaa cha watu kana kwamba wamekuja kupimwa. Siku moja mwana-mbuzi wa akko alikula ukosi wa shati la karani, na mama akalazimika kuutoa ukosi mwingine kwenye mkia wa shati lilelile. Karani hakujua. Mama akimaliza kukata alikuwa anajishika kiuno kwa mikono miwili na kubaki ameinama hivyo kwa muda, anapumua, kabla ya kunyooka.

Halafu mwenye duka akasema anaihitaji baraza. Alikuwa mtu mwema, na alilisema jambo hilo kwa wema: mpwa wake amehitimu ushonaji, na Ramadhani ikiingia angependa akae pale. Kwa fundi wa nguo mjini kwetu, Ramadhani ndiyo mavuno. Kila mtoto anataka kanzu au gauni jipya la Idd, na fundi asiye na mahali pa kukaa mwezi ule ni kama hayupo. Mama alikuwa na binamu Nairobi mwenye karakana ya kushona, na binamu huyo alikuwa amemwita siku nyingi: njoo, mashine ziko, kazi iko, chumba ni cha kulala wanawake wafanyakazi tu, mtoto mwachie nyanya yake.

Mama akatuambia kwamba akikosa mahali pa kushonea kabla ya Ramadhani, ataenda. Alisema hayo akichambua mchele, bila kuniangalia. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na hesabu niliyofanya ilikuwa rahisi: tukipata chumba, mama anabaki, tukikosa, mama anapanda lori. Kuanzia siku hiyo kila kitu chenye miguu minne au droo nilikitazama kwa jicho la kukitaka.

Chumba chenyewe kilipatikana kwa ugomvi kidogo. Nyuma ya jiko palikuwa na stoo ya mjomba ya ngozi. Ngozi zilipakwa chumvi, zikapangwa humo mpaka apate mnunuzi, na harufu yake wageni waliipata tangu getini. Akko akamwambia aitoe mizigo yake.

"Nitaweka wapi?" mjomba akauliza.

"Weka kwa kitanda yako," akko akamjibu. "Wewe na ngozi mnajuana."

Ngozi zikahamia kwa rafiki yake. Tukaisugua stoo kwa maji na majivu, tukapaka chokaa, akko akachoma ubani mpaka macho yakatutoka machozi. Harufu ikapungua, haikuisha. Lakini dirisha lilikuwepo, mwanga uliingia vizuri asubuhi, na nilisimama katikati ya chumba kile kitupu moyo ukinidunda, nikimwona mama akiwa ndani yake.

Kitu cha kwanza kuingia kilikuwa dawati la shule. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu, Mmeru, mtu mrefu mpole, na shuleni kwao kulikuwa na rundo la madawati yaliyovunjika ambayo mpishi alikuwa akiyamaliza jikoni mguu kwa mguu. Mwalimu akaomba moja, akalileta begani. Mama akakata miguu ya upande mmoja ilingane na ile iliyokatika, likawa benchi fupi la kukalia cherehani, na lile shimo la wino likawa la kuwekea bobini za uzi. Nililitazama shimo lile nikaona ni kama lilichongwa kwa ajili ya bobini tangu mwanzo, likapotea njia likaenda shule.

Kilichofuata kilikuwa kitanda cha chuma cha springi, kutoka kwa jirani muuza maziwa, ambacho kilikuwa kimebonyea katikati mpaka aliyelala juu yake aligusa sakafu. Akko akasema hakifai. Mama akakizunguka, akainama, akakizunguka tena. "Tusikilaze," akasema. "Tukisimamishe." Tukakisimamisha ukutani, tukakifunga kwa waya, na zile springi zikawa za kutundikia vipande vilivyokatwa: mikono ya gauni hili hapa, kifua cha lile pale, kila nguo na safu yake. Jirani alipokuja kukiona kitanda chake kimesimama wima kimevaa vitambaa, alikaa chini kwenye mlango akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Halafu akasema binti yake ndiye apimwe wa kwanza.

Nilishikwa na homa ya vitu vibovu. Nilileta mguu wa kiti kutoka jaani, mama akaufanya wa kusukumia mikono ya shati wakati wa kupiga pasi. Nilileta droo isiyo na meza, ikawa ya vifungo. Kila nilichokileta mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akafikiri, na nilikuwa nikimtazama usoni nikingoja ile dakika macho yanapong'aa. Ilikuwa raha ambayo siwezi kukueleza. Sikujua kama vitu vinaweza kubadilika kazi namna ile.

Kilichobaki ni meza ya kukatia. Hapo ndipo mjomba alipoingia na makubwa yake.

Mzungu mmoja wa upande wa Timau, aliyekuwa akinunua mafahali kwake, alikuwa ameuza shamba arudi kwao, na vyombo vya nyumba vilikuwa vinanadiwa. Mama akamwagiza mjomba kwa maneno machache. "Meza moja," akamwambia. "Ya mbao, ndefu, ya kukata nguo. Moja tu." Mjomba akaitikia. Lakini mjomba hakujua fanicha, alijua ng'ombe, na baadaye waliokuwa naye walitusimulia jinsi alivyopita katikati ya mali ya yule mzungu: anapiga kofi mgongo wa kabati, anainama kutazama miguu ya viti, anasukuma kitu kwa goti aone kama kitayumba. Vitu vyembamba vyote aliviruka. Akafika kwenye kitu kimoja kikubwa sebuleni, akakisukuma, hakikusogea. Akakisukuma tena kwa bega. Akanunua hicho, na kabati moja bovu akaongezewa juu.

Basi sasa tumefika kwenye honi. Alasiri, vumbi limesimama, lori linaingia na watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Juu ya lori kulikuwa na kabati lisilo na mlango mmoja, ule mwingine ukiwa na kioo kirefu, na kando yake miguu minene kama vinu vya kutwangia, mbao za kung'aa, na mabamba ya jiwe jeusi ambayo kila moja liliwashinda nguvu wanaume wawili mpaka wakaongezeka. Wapakizi waliokuja nalo waliapa kutobeba tena samani ya mzungu maisha yao yote. Walipokiunga kile kitu ndani ya stoo, kwa kufuata walivyoona kikifunguliwa, ilisimama meza ambayo hakuna mtu Kiwanjani aliyewahi kuona mfano wake. Juu ilitandikwa kitambaa cha kijani, kizito, laini. Pembezoni ilizungushiwa ukingo. Na kwenye pembe, na katikati ya pande mbili ndefu, palikuwa na mashimo yenye vifuko vya wavu.

"Hii ni ya nini?" mama akauliza, kidole kikiwa ndani ya wavu.

Mjomba alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima. "Hii ni meza ya kula ya watu wengi," akasema. "Wazungu wanakaa pande zote. Ukimaliza nyama, mfupa unatupa hapa. Haichafui nyumba." Akapiga mguu mmoja kofi. "Na uangalie miguu. Mnyama iko na miguu kama hii haianguki."

Akko alisifu sana. Alisema siku zote alijiuliza wazungu wanapeleka wapi mifupa. Na kwa kuwa kitu kikubwa hakiingii nyumbani bila kulishwa watu, mjomba akachinja mbuzi, na kesho yake mchana tukaifungua meza. Mkeka ulitandazwa juu ya kile kijani kisichafuke. Anjera, mikate yetu laini ya unga uliochachuka, zikapangwa milima milima, nyama ya kuchemsha, chai ya maziwa ya ngamia kwenye birika kubwa. Meza ilikuwa juu mno kwa viti vyetu, kwa hiyo tulikula tumesimama kama watu wanaosubiri basi, na kila mtu alihakikisha anapata nyama yenye mfupa ili apate kuutupa. Mjomba alikuwa hodari. Aliurusha kutoka mbali na ukaingia. Sisi watoto tulikuwa tukicheka, hata akko alirusha mmoja.

Mwalimu akaingia katikati ya furaha hiyo, amechelewa, kofia mkononi. Aliposimama mlangoni mjomba alikuwa amefumba jicho moja analenga shimo la pembeni. Mwalimu akatazama meza. Akatazama mfupa. Akageuka nje akakohoa muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa na machozi.

"Akko, samahani," akasema. "Hii meza mmetoa wapi?"

"Kwa mzungu. Ni ya chakula."

"Si ya chakula, akko. Ni ya mchezo. Wanasukuma mipira midogo kwa fimbo, inaingia hapa kwa wavu. Nimeona kwa baa moja Meru."

"Kwa pombe?" akko akauliza.

Mwalimu alitamani asingeingia. "Pombe inakaa hapo kando," akasema polepole. "Na wengine wanacheza na pesa."

Akko akaiweka anjera yake chini. Alikuwa mwanamke aliyeswali kila swala kwa wakati wake na hakupenda hata kadi za karata kuchorwa kwenye magazeti. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba nyumba hii watu wanasujudu, na meza ya kamari na pombe haitafunga Ramadhani humu pamoja nao. Itoke. Mjomba akaanza kutaja uzito wake, akko akamkata kwa jicho. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti za msibani.

Mama hakubishana. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akavuta sanduku la safari kutoka uvunguni. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Alilipangusa vumbi kwa upindo wa leso, akajaribu kufuli zake, moja ikagoma, akaipiga kidogo kwa kiganja ikafunguka. Nilijua kwamba mwezi ungeandama baada ya siku chache tu na hakuna dawati wala kitanda wala droo ambayo ingetosha bila pale pa kukatia. Nilipogeuka, akko alikuwa mlangoni. Naye alikuwa akilitazama sanduku.

Asubuhi, baada ya swala, nilimkuta akko jikoni akifanya kazi yake ya kila siku, ya kufukiza vyombo vya maziwa. Kama hukulelewa huku kwetu, hii kazi huijui. Chombo cha maziwa kikioshwa kwa maji peke yake, maziwa yatachacha. Kwa hiyo unachukua kijiti cha ejersa, mti mgumu wenye harufu tamu, unakichoma kiwe kaa, unakitumbukiza ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kila mahali na kuua uchafu wote wa jana. Akko aliifanya kazi hiyo kama anavyoswali, hakupenda kuzungumzishwa. Nilikaa karibu naye nikalia polepole.

Alinisikia. Akaendelea na chombo chake mpaka mwisho. Kisha akashika kingine, akakinusa, akakunja uso.

"Hii imenuka," akasema. "Ikinuka hivi tunafanya nini?"

"Tunafukiza, akko."

"Hatutupi?"

"Hatutupi."

Akakaa kidogo, kaa la moto likiwa bado kwenye kijiti mkononi mwake. Halafu akainuka, na kwa mwanamke wa umri wake aliinuka haraka. "Haya, simama," akaniambia. "Leta makaa. Leta mingi."

Wewe, siku ile sitaisahau. Tulimwamsha mjomba. Tuling'oa kile kitambaa cha kijani chote kwa kisu, misumari midogo ikiruka huku na huko, tukakitupa uani, na mchota maji wetu akakiomba kwa ajili ya punda wake. Tukalisugua jiwe kwa maji ya moto na majivu. Chini ya ule ukijani lilikuwa jeusi, laini, baridi kama maji ya mtungi. Halafu akko akaingia na ejersa inayotoa moshi, akaanza kuifukiza meza. Alianza na miguu, akaizungushia moshi mmoja mmoja, juu hadi chini. Akapita ukingoni. Akafika kwenye vifuko vya wavu, na kila kimoja akakitia kaa chini yake, akakifunika kwa kiganja, akangoja, huku midomo ikisema bismillahi. Mjomba alikuwa ameshika ndoo, amejaa majivu mpaka kwenye nyusi.

"Na sheikh atasema nini?" akauliza.

"Sheikh nitauliza mimi. Wewe shika ndoo."

Alimuuliza kweli, siku hiyohiyo, na sheikh akasema dhambi haiko kwa meza. Akko alirudi na jibu hilo kwa fahari, kana kwamba sheikh ndiye aliyekuja kumuuliza yeye. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba harufu ya ngozi, ambayo chokaa na ubani vilishindwa kuiondoa, ilikwisha. Stoo ilinukia maziwa mabichi.

Mama aliingia wa mwisho. Alikuwa amesimama nje muda wote akitutazama dirishani. Akachukua jora la kitambaa cha maua, akalishika ncha, akalirusha juu ya jiwe, nalo likatambaa lenyewe mpaka upande wa pili bila kukunjamana hata kidogo. Akachora kwa chaki. Akachukua mkasi. Aliukata mstari mzima wa gauni, kutoka mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama wima, mgongo umenyooka, na ule mkasi ulikuwa unateleza juu ya jiwe kwa mlio mmoja mrefu. Alipomaliza alishika kiuno kwa mazoea, akagundua kwamba hakimuumi. Akacheka peke yake. Mimi nilikimbia uani nikazunguka nyumba yote nikipiga kelele bila maneno, mpaka akko akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Ramadhani ile chumba hakikulala kazi. Vifuko vya wavu vikawa vya vitu: kimoja cha chaki na futi, kimoja cha zipu, kimoja cha vipande vya kutengenezea vifungo vya kitambaa. Sanduku la safari likaletwa humo likawa la lesi. Mlango wa kabati wenye kioo tuliuegemeza ukutani, na wasichana wa mtaa walikuja kujipima hata wasiokuwa na nguo ya kupimwa. Kazi yangu ilikuwa kupepea pasi ya makaa, kuokota pini kwa sumaku, na kutia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yalikuwa mapya. Mke wa mwalimu naye akaleta vitambaa vya wanawe mapema, akisema Krismasi haiko mbali. Saa za mchana, funga ikiwa imetukausha na mabati yanalia kwa jua, nililaza shavu langu juu ya lile jiwe, na mama akaweka viganja vyake kando ya shavu langu, tukapoa pamoja bila kusema.

Siku ya Idd nilisimama kwenye safu ya wanawake na watoto, na upepo ulipovuma niligundua kitu kilichonifanya nitabasamu katikati ya takbira. Wasichana wote waliokuwa mbele yangu, magauni ya maua, ya buluu, ya manjano, walikuwa wananukia moshi wa ejersa. Nguo zote zilizotoka kwetu zilibeba ile harufu. Ungeweza kufumba macho na kujua nani kashonewa wapi. Mama alikuwa pembeni yangu. Hakuenda Nairobi.

Alifanya kazi kwenye chumba kile miaka yote ya themanini na zaidi, na nusu ya mji ilipimwa mbele ya kile kioo. Siku hizi nyumba haipo. Akko alitutoka, kisha mjomba, na mama naye hatimaye, na kiwanja kikawa cha wapangaji, vyumba vya mawe vya mlango mmoja mmoja, vyote vinafanana. Mtoto wa mjomba aliniambia mbao za meza zilikwenda kwa seremala, na mabamba yaliombwa na msikiti; yametandikwa pale watu wanapotilia udhu. Nilipita nikayaona, yamelowa, yanang'aa, na wazee wameweka miguu yao juu yake. Vyombo vya maziwa siku hizi ni mitungi ya plastiki, havifukizwi. Na watoto nadhani hawaijui tena ile raha ya kukitazama kitu kibovu ukijiuliza kinaweza kuwa nini.

Lakini kuna jambo moja nililolijua nikiwa mtu mzima, na ndilo linalonirudisha mara nyingi kuliko yote. Mimi mwenyewe niliondoka Isiolo nikiwa msichana, nikaja Nairobi kusoma ualimu, nikabaki. Mama alinishonea nguo zote za kuja nazo na hakutoa chozi. Miaka yake ya mwisho alikuja kukaa kwangu, na jioni moja tukiwa tunakunywa chai nikamuuliza, kwa kujivuna kidogo, kama anakumbuka jinsi tulivyopigania chumba kile ili asije huku.

"Nakumbuka," akasema. "Mimi nilikuwa naitaka sana Nairobi."

Nikafikiri ananitania. Hakuwa ananitania.

"Nilikuwa bado msichana," akasema. "Nilitaka kuona mji. Nilitaka kushona magauni ya wenye mji, siyo kanzu na yunifomu. Lakini wewe kila siku unakuja mbio na kitu mkononi, leo droo, kesho mguu ya kiti, umefurahi hivi. Ningekuambia nini?"

Nikamuuliza kama alijuta. Alikuwa mtu wa kujibu ukweli. Akasema hapana, hakujuta, kazi ile aliipenda na mimi alinipenda, ila Nairobi, kuitaka aliitaka. Kisha akaomba nimwongezee sukari.

Sasa nikitoka shuleni jioni na taa za jiji zimeanza kuwaka moja moja, husimama kidogo barabarani, watu wakinipita, nikaziangalia kwa niaba yake.